Maswali ya wasomaji: Seneti ifutwe au irekebishwe?

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja: nchi yenye bunge la mabaraza mawili ilifanye nini baraza la juu pale wananchi wanapolichoka. Liitwe Seneti, Baraza la Malodi au jina jingine, hoja zinafanana. Tumechagua barua saba na kuzijibu kwa mpangilio ambao jibu la kwanza linasaidia kuelewa la pili.

Swali: Nimekuwa nikisema hadharani kwamba Seneti ivunjwe. Mwenzangu ananiambia hata neno lenyewe nimelikosea. Nimekosea wapi, na hoja yangu nianzie wapi ili isikilizwe?

Mwenzako yuko sahihi. Bunge huvunjwa kila linapomaliza muda wake. Uchaguzi ukipita linaitwa tena na viti ni vile vile. Unachokitaka wewe ni kulifuta baraza, yaani kuliondoa kwenye katiba pamoja na viti, mamlaka na kazi zake. Tofauti hii si ya kamusi tu. Anayefuta anarithi kila kazi iliyokuwa mikononi mwa baraza lile, na ni lazima aseme kila moja anamkabidhi nani.

Kwa hiyo anza na nakala ya katiba na kalamu nyekundu. Pita ibara kwa ibara, upige mstari kila panapotajwa baraza la juu. Tuchukue katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 96 inaipa Seneti jukumu la kuziwakilisha na kuzilinda kaunti. Ibara ya 110 hadi ya 113 zinaeleza miswada inayoihusu na namna ya kusuluhisha mabaraza mawili yakigombana. Ibara ya 145 inaifanya isikilize mashtaka ya kumwondoa Rais. Ibara ya 217 inaitaka iamue, kila baada ya miaka 5, msingi wa kugawana mapato kati ya kaunti 47. Halafu iko ibara ya 181, ambayo pamoja na Sheria ya Serikali za Kaunti inaipa Seneti kesi za magavana: bunge la kaunti likipitisha hoja ya kumwondoa gavana kwa theluthi mbili, jalada linapelekwa kwa Seneti, ambayo inaweza kuteua kamati ya maseneta 11 yenye siku 10 za kuchunguza na kuleta ripoti.

Sasa ifute Seneti kwenye karatasi yako, ubaki na jalada la gavana mkononi. Unalipeleka wapi? Ukilipeleka Bunge la Taifa, linaamuliwa na wabunge ambao baadhi yao wanakitaka kiti hicho hicho cha ugavana (maseneta nao hukitaka, tuseme kweli). Ukilipeleka mahakamani, unahitaji sheria mpya ya kueleza kiwango cha ushahidi, muda wa kesi na rufaa. Ukiunda jopo maalumu, eleza nani anawateua wajumbe wake na nani anaweza kuwaondoa. Njia zote tatu zinawezekana, lakini kila moja inataka ibara yake. Anayesema “ifutwe” bila kuwa na ibara hizo hajamaliza kuandika pendekezo lake, na hapo ndipo wapinzani wake watakapombana.

Swali: Kwa nini serikali yenye wabunge wengi isiifute tu kwa kura ya bungeni?

Kwa sababu katiba nyingi zimeweka kufuli, na kufuli hizo hazifanani. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni watu kuandaa kampeni kabla hawajajua kufuli yao ni ya aina gani.

Ipo kufuli ya majimbo. Kanada ilipotaka kujua, serikali yake iliiuliza Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na jibu likatoka mwaka 2014: kuwachagua maseneta kwa kura au kuwawekea ukomo wa muda kunahitaji ridhaa ya majimbo 7 kati ya 10 yenye angalau nusu ya wakazi wa nchi, lakini kuifuta Seneti kunahitaji majimbo yote 10. Jimbo moja likikataa, mambo yamekwisha. Marekani imekwenda mbali zaidi, kwani katiba yake inasema jimbo halinyang'anywi usawa wake katika Seneti bila lenyewe kukubali.

Ipo kufuli ya idadi ya wapigakura, nayo ndiyo inayoumiza watu wasiojiandaa. Denmark ilitaka kuliondoa baraza lake la juu, Landsting, mwaka 1939. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa zaidi ya asilimia 90, na bado pendekezo likaanguka, kwa sababu sharti lilikuwa kura za ndiyo zifikie asilimia 45 ya watu wote wenye haki ya kupiga kura, na zilifikia kama asilimia 44 na nusu. Waliobaki nyumbani ndio walioliokoa Landsting. Mwaka 1953 walijaribu tena, safari hii pendekezo likiwa pamoja na kuruhusu mwanamke arithi kiti cha ufalme na kushusha umri wa kupiga kura, mambo yaliyowatoa watu majumbani. Kura za ndiyo zilifika asilimia 45.8. Kenya nayo ina sharti la watu kujitokeza: mabadiliko yanayogusa kazi za Bunge au muundo wa ugatuzi yanakwenda kwenye kura ya maoni, na lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, pamoja na wingi wa kura nchi nzima.

Na ipo kufuli ngumu kuliko zote kibinadamu: baraza lenyewe kutakiwa likubali kifo chake. Mauritania ilikwama hapo Machi 2017 Seneti ilipolikataa pendekezo la kuifuta. Rais akalipeleka moja kwa moja kwa wananchi kwa kura ya maoni mwezi Agosti, Seneti ikafutwa, lakini mabishano kama njia ile ilikuwa halali kikatiba hayakuisha. Queensland, jimbo la Australia, ilitumia njia nyingine. Wananchi walikataa kufuta kwa kura ya mwaka 1917. Serikali ikalijaza baraza watu wake wa kuteuliwa, nao wakapiga kura ya kujiondoa, na mwaka 1922 likafutika. New Zealand ilifanya vivyo hivyo mwaka 1950. Walioteuliwa kwa kazi hiyo walipewa jina la “kikosi cha kujiua”. Kisheria ilikwenda sawa. Hata hivyo hatushauri mtu aige ya Queensland, kwa sababu wananchi walikuwa wameshaulizwa na wameshajibu.

Swali: Hoja ya gharama inatosha? Maseneta wanakula pesa nyingi.

Haitoshi, na tungeomba iwe ya mwisho kwenye orodha yako.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Unaporipoti akiba, toa mishahara, posho, ofisi na safari za maseneta, kisha rudisha gharama zitakazobaki: pensheni zao, watumishi wa kudumu ambao hawafukuzwi kwa siku moja, jengo ambalo halihami, kamati za baraza lililobaki ambazo sasa zina kazi zaidi, na kura ya maoni yenyewe. Ireland ilipopiga kura ya kufuta Seanad, yaani Seneti yake, tarehe 4 Oktoba 2013, serikali ilitangaza akiba ya euro milioni 20 kwa mwaka. Namba hiyo ikawa ndiyo uwanja wa mapambano: wapinzani waliichambua kipengele kwa kipengele, wakionyesha kwamba sehemu yake ilikuwa gharama zisizoondoka na baraza. Waliojitokeza walikuwa asilimia 39 tu, na asilimia 51.7 yao wakasema hapana.

Sababu ya pili ni kwamba hoja ya pesa haina kina. Senegal ilifuta Seneti yake Septemba 2012, rais akisema fedha zake zikasaidie walioathiriwa na mafuriko. Ulikuwa uamuzi uliogusa mioyo. Lakini kasoro kubwa ya Seneti ile ilikuwa kwamba kati ya viti 100, rais alikuwa akiteua 65. Baraza linalotakiwa kuisimamia serikali haliwezi kuisimamia iwapo karibu theluthi mbili ya wajumbe wake wanaletwa na mkuu wa serikali hiyo. Hoja hiyo ingesimama hata kama maseneta wangefanya kazi bure.

Swali: Nchi zilizobaki na baraza moja hulizuiaje lisipitishe sheria mbovu usiku kwa usiku?

Hili ni swali zuri kuliko yote tuliyopokea, maana linatazama mbele. Baraza la pili hufanya kazi mbili kwa pamoja: linachelewesha, na linasoma upya. Ukiliondoa, ucheleweshaji na usomaji wa pili ni lazima uvijenge mahali pengine kwa makusudi. Havioti vyenyewe.

Denmark ilijenga kwa wananchi. Katiba ile ile ya 1953 iliyolifuta Landsting iliwapa wabunge walio wachache silaha: theluthi moja ya wabunge, yaani 60 kati ya 179, wanaweza ndani ya siku 3 za kazi tangu muswada upite kudai uende kwenye kura ya maoni. Muswada unaanguka ikiwa wanaoukataa ni wengi na wanafikia angalau asilimia 30 ya wenye haki ya kupiga kura. Sheria za bajeti na kodi haziguswi, ili upinzani usiinyime serikali pesa za kuendesha nchi. Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba hakihitaji kutumika mara kwa mara. Serikali ikijua kwamba kipo, inazungumza na upinzani mapema.

Nebraska, jimbo pekee la Marekani lenye baraza moja, ilijenga kwenye utaratibu. Wananchi walipitisha mabadiliko mwaka 1934, bunge jipya likaanza 1937, na viti vikashuka kutoka 133 vya mabaraza mawili hadi 43. Leo ni 49. Lalamiko lililowasukuma halikuwa pesa pekee. Miswada ya mabaraza mawili ilikuwa ikimaliziwa kwenye kamati ndogo ya maridhiano, milango imefungwa, na wabunge wa kawaida wakiletewa matini ya kukubali au kukataa bila kugusa neno. Ndani ya baraza moja waliweka breki: kila muswada una kikao cha kusikiliza wananchi hadharani, unabeba jambo moja tu, na kura ya mwisho haipigwi kabla ya siku 5 za kikao tangu uwasilishwe. Ukiandika pendekezo la baraza moja, weka siku kama hizo kwenye katiba. Zikiwa kwenye kanuni za bunge tu, wabunge wengi wanaweza kuzisimamisha asubuhi na kupitisha muswada jioni.

New Zealand ni funzo la upande wa pili. Ilifuta kwanza, ikapanga baadaye. Tangu 1951 serikali yenye wingi bungeni ilikuwa na uhuru mkubwa mno, na ilichukua miongo kadhaa kujaza pengo: kamati za bunge zikapewa nguvu ya kupokea maoni ya umma kwenye karibu kila muswada, kwa kawaida zikiwa na miezi 6 ya kuripoti, na kuanzia uchaguzi wa 1996 mfumo wa uwiano, ambao chama hupata viti kwa kadiri ya kura zake, ukafanya iwe nadra chama kimoja kushika wingi peke yake. Kamati zile leo ni imara, lakini wananchi walizisubiri muda mrefu mno.

Kuna na jambo dogo la hesabu ambalo wachoraji wa mabunge mapya hulisahau: idadi ya viti iwe ya witiri. Uswidi ilipounganisha mabaraza yake ilianza 1971 na viti 350. Uchaguzi wa 1973 ukatoa kambi mbili zenye viti 175 kila moja, na kwa miaka mitatu baadhi ya kura bungeni zilipokuwa sare ziliamuliwa kwa kuchukua karatasi kwenye kisanduku, bahati nasibu. Tangu uchaguzi wa 1976 viti ni 349.

Swali: Mimi naamini kurekebisha kunatosha. Marekebisho yaanzie wapi, kwenye namna ya kuwapata maseneta au kwenye mamlaka yao?

Yaanzie pale mabaraza mawili yanapokosana. Watu hukimbilia swali la nani anaingia kwa sababu linaonekana. Lakini ukiwapa maseneta uhalali mpya wa kura huku umeacha sheria ya mgongano ilivyokuwa, umewatia moyo wapigane bila kuwaambia pambano linaishaje.

Mfano mchungu ni Australia, 1975. Seneti inayochaguliwa na wananchi ilizuia muswada wa fedha za matumizi ya serikali. Baraza la chini halikuwa na njia ya haraka ya kuupitisha bila Seneti. Njia iliyokuwepo ilikuwa ndefu, ya kuvunja mabaraza yote mawili na kwenda uchaguzi. Tarehe 11 Novemba Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia, alimwondoa Waziri Mkuu Gough Whitlam, na nchi ikaingia kwenye mgogoro ambao bado unajadiliwa. Kwa hiyo andika kwanza kanuni ya bajeti. Japani: bajeti ikikaa siku 30 kwenye baraza la juu bila uamuzi, uamuzi wa baraza la chini ndio unasimama. Uingereza: tangu 1911 muswada wa fedha haucheleweshwi na Malodi zaidi ya mwezi mmoja. India: siku 14.

Hapo kuna mtego. Ukishalipunguzia baraza la juu nguvu kwenye miswada ya fedha, serikali itashawishika kuita kila kitu muswada wa fedha. India ilipitisha sheria ya utambulisho wa Aadhaar mwaka 2016 kwa mlango huo, ikilikwepa baraza la juu. Mahakama Kuu kabisa iliikubali 2018 kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, na yule mmoja aliita njia ile ulaghai dhidi ya katiba. Tafsiri ya “muswada wa fedha” iandikwe kwa ufinyu, na anayetoa cheti kwamba muswada ni wa fedha asiwe Spika wa baraza la chini peke yake.

Kwa miswada ya kawaida kuna njia nne zinazojulikana. Ya kuchelewesha tu: Malodi wa Uingereza wanaweza kuchelewesha kama mwaka mmoja tangu sheria ya 1949, kisha basi. Ya theluthi mbili: baraza la chini la Japani linaweza kulipuuza la juu kwa wingi huo. Ya kikao cha pamoja, ambayo India imeitumia mara 3 kwa miswada, mwaka 1961, 1978 na 2002. Kasoro yake ni kwamba baraza lenye watu wengi humeza lile dogo. Na ya kamati ya upatanisho, ambayo Ujerumani ina wajumbe 32, nusu kwa nusu, na wale wanaotoka majimboni hawafungwi na maagizo ya serikali zao wakiwa ndani ya kamati. Uhuru huo ndio unaofanya iwezekane kupatana. Kenya nayo ina kamati ya idadi sawa na ina siku 30. Isipoafikiana, muswada umekufa. Sisi tunapenda sharti la siku, ila kifo cha muswada kinampa nguvu yule anayetaka usipite: anachotakiwa kufanya ni kukaa kimya mpaka siku ziishe.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye namna ya kuwapata. Kwa maoni yetu baraza la juu lina sababu ya kuwepo pale tu linapowakilisha kitu ambacho la chini haliwakilishi. Wakichaguliwa siku ile ile, na vyama vile vile, kwa mipaka ile ile, umejenga kivuli.

Halafu usifunge mambo mengi kwenye swali moja. Rais de Gaulle aliwauliza Wafaransa Aprili 1969 kuhusu Seneti na mikoa kwa pamoja. Asilimia 52 walikataa na akajiuzulu kesho yake. Italia mwaka 2016 ilitaka kushusha Seneti kutoka maseneta 315 wa kuchaguliwa hadi 100, ikafungasha na mambo mengine, na Waziri Mkuu Matteo Renzi akaweka rehani wadhifa wake. Asilimia 59 walisema hapana, wengi wakimpigia yeye. Miaka minne baadaye swali likaja likiwa moja na dogo: wabunge wapungue kutoka 630 hadi 400, maseneta kutoka 315 hadi 200. Karibu asilimia 70 wakakubali. Denmark ya 1953 ilifaulu na kifurushi, ni kweli, ila vilivyoongezwa vilikuwa vitu watu walivitaka.

Neno la tahadhari kwa wewe unayesema kurekebisha kunatosha: dai tarehe. Wananchi wa Ireland walipitisha mwaka 1979 kwamba viti vya vyuo vikuu katika Seanad vinaweza kupanuliwa kwa wahitimu wa vyuo vingine. Sheria ya kutekeleza haikuja mpaka mahakama ya juu ilipoamua mwaka 2023 kwamba utaratibu uliokuwepo unakiuka katiba. Miaka 44.

Swali: Seneti ya kaunti au majimbo: kila seneta apige kura yake, au jimbo lipige kura moja?

Kama baraza ni la maeneo, eneo lipige kura moja kwenye mambo ya maeneo. Afrika Kusini, ilipoanzisha Baraza la Taifa la Mikoa mwaka 1997 badala ya Seneti, iliweka wajumbe 90, kumi kila mkoa, lakini kwenye miswada inayogusa mikoa zinahesabiwa kura 9 tu, na muswada unapita kwa 5. Kenya inafanya hivyo hivyo: ukumbi una maseneta 67, ila muswada wa kaunti una kura 47, na mkuu wa ujumbe wa kaunti ndiye anayeipiga.

Kinachoharibika ni pale ujumbe wenyewe unapogawanyika. Katika baraza la juu la Ujerumani jimbo lina kura 3 hadi 6 na ni lazima zote zielekee upande mmoja. Tarehe 22 Machi 2002, kwenye sheria ya uhamiaji, Brandenburg iliitwa. Waziri mmoja akasema ndiyo, mwingine wa jimbo hilo hilo akasema hapana. Mwenyekiti akamuuliza tena waziri mkuu wa jimbo, akasema ndiyo, na kura 4 zikaandikwa za ndiyo. Ndizo zilizokuwa zikiamua. Ukumbi ukalipuka. Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima: kura zilizogawanyika hazihesabiki, na mwenyekiti hakuwa na haki ya kuuliza mpaka apate jibu. Kwa hiyo andika wazi ni nani anayepiga, nani anakaimu asipokuwepo, na kura inahesabiwaje wenzake wakimpinga.

Msomaji mmoja ameongeza kwamba kura za maeneo hukwamisha kazi. Hukwamisha, na wakati mwingine hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2020 Seneti ya Kenya ilikaa mara kadhaa bila kukubaliana juu ya fomula ya tatu ya mapato. Fomula iliyoegemea zaidi idadi ya watu ingezipunguzia pesa kaunti kubwa kwa ardhi na chache kwa watu. Ilipita tarehe 17 Septemba, kwa sharti kwamba ianze kutumika fedha za kugawana zikishaongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370, ili kaunti yoyote isipoteze. Wiki zile kaunti ziliumia kwa kukosa fedha, hatulipunguzi hilo. Lakini bunge la wingi wa watu lingemaliza kwa siku moja, na Turkana au Marsabit wangeambiwa tu matokeo.

Swali: Baraza la Wawakilishi la Zanzibar ni baraza la juu la Bunge la Tanzania?

Hapana. Bunge la Jamhuri ya Muungano ni la baraza moja. Baraza la Wawakilishi ni chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano. Miswada ya Dodoma haipiti huko. Kiungo kilichopo ni wajumbe 5 ambao Baraza huwachagua miongoni mwao kuingia Bungeni.

Tumeliweka swali hili kwa sababu Tanzania ina kitu ambacho wanaotaka kufuta maseneti yao wangepaswa kukisoma. Ibara ya 98 inataka mabadiliko ya mambo mazito yaliyoorodheshwa, kama kuwepo kwa Muungano wenyewe, yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali. Mshirika mdogo analindwa ndani ya ukumbi mmoja, kwa hesabu mbili. Udhaifu wake ni kwamba ulinzi huo ni wa orodha ile tu. Sheria ya kawaida inapita kwa wingi wa kawaida. Ukiufuata mfano huu, orodha ndiyo ya kupigania: mgawo wa mapato na mipaka ya maeneo viwemo. Na usidhani kwamba kufuta kunafunga mjadala. Kenya ilikuwa na Seneti ya watu 41 mwaka 1963, ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966, kisha Wakenya wakairudisha kwa katiba ya 2010 walipotaka maeneo yawe tena na sauti yao. Misri ililiondoa baraza lake kwa katiba ya 2014 na kulirudisha kwa mabadiliko ya 2019. Peru ilibaki na baraza moja kwa katiba ya 1993, wananchi wakakataa Seneti kwa kura ya maoni ya 2018, na bunge lenyewe likairejesha mwaka 2024, ikiwa na viti 60. Palipo na kazi iliyobaki bila mwenyewe, mtu huja kuidai.

Jambo la mwisho kwa wote wanaoandaa maoni ya kupeleka kwenye kamati ya katiba: ukurasa wako uwe na kipengele cha mpito. Sema mabadiliko yanaanza lini. Norway iliamua mwaka 2007 kufuta mgawanyo wa bunge lake katika sehemu mbili, ikaanza baada ya uchaguzi wa 2009, kila mtu akamaliza muda aliochaguliwa. Sema miswada itakayokutwa mezani kwa baraza la juu siku hiyo inakwenda wapi, na inaanzia hatua ipi. Sema uchunguzi wa kamati zake unarithiwa na nani, pamoja na ushahidi uliokwisha kutolewa, na kama mashahidi wanabaki na kinga waliyoahidiwa.